Msiuze ampli za wazee kwa kilo

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wenzangu wa Bukavu wanaouza ampli za zamani (vikuza sauti) kwa wanunuzi wa vyuma chakavu ili zitolewe shaba. Mimi ni fundi wa redio Kadutu, na inaniuma kuona transfoma nzima ikipasuliwa.

Ampli inayonguruma hata sauti ikiwa imepunguzwa kabisa, mara nyingi haijafa. Zile kapasita kubwa karibu na transfoma, vile vikopo vinavyotunza chaji ya umeme, zimekauka ndani, haziwezi tena kulainisha umeme. Nyingine utaziona zimevimba kichwa, au zimevuja maji ya kahawia yakagandia miguuni. Weka mpya zenye mikrofaradi (kipimo cha chaji zinazobeba) zilezile na volti zisizopungua zile za kwanza. Angalia upande wa hasi, maana ukigeuza itapasuka. Na vijana, msiziguse kabla ya kuondoa chaji: hata waya ukiwa umechomolewa ukutani, zinaweza kukupiga vibaya.

Kinachonikera zaidi ni kuwekewa waya wa shaba mahali pa fyuzi. Umeme wetu ukirudi huja kwa kishindo, na fyuzi ndiyo inayotakiwa kuungua kwanza! Mimi, ampli iliyolala miaka mingi naiwasha kupitia balbu ya zamani ya wati 60, ile ya waya ndani, iliyoungwa kwa mfululizo, yaani umeme upite kwanza kwenye balbu ndipo uingie kwenye ampli. Balbu ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti, nazima palepale.

Kabla ya kuuza, pitieni kwa fundi afungue kifuniko. Kuangalia tu, mimi silipishi.

Fundi wa redio,
Kadutu, Bukavu