Kidole Gumba cha Chet Atkins

Morogoro,
Jumapili jioni.

Mpendwa Mwalimu,

Salamu nyingi kwako, kwa mama watoto na kwa wote wa hapo nyumbani. Sisi huku hatujambo, ila mvua imetukatia umeme siku mbili mfululizo, ndiyo maana jibu hili limechelewa.

Barua yako niliisoma mara mbili kwa sababu ya ile aya ya mwisho, ambamo unanituhumu kwamba nimekutumia kaseti ya watu wawili nikakwambia ni ya mtu mmoja. Unasema umesikia wazi mmoja akipiga wimbo wake kwenye nyuzi nene na mwenzake akipiga wimbo mwingine kabisa juu yake, na kwamba hata kijana wako anayepiga gitaa kanisani amekuunga mkono. Siwezi kukulaumu, maana nilipousikia muziki huo kwa mara ya kwanza nilimbishia aliyenisikilizisha kwa sauti ya kuwakera majirani, na nikashindwa. Huyo ni Chet Atkins, mpiga gitaa wa Marekani, peke yake, na gitaa ni moja. Nyimbo mbili ulizozisikia ni za kale za Marekani, "Yankee Doodle" inayohusishwa na watu wa kaskazini na "Dixie" iliyokuwa ya kusini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, naye amezikutanisha mkononi mwake zikaenda sambamba bila kukanyagana.

Lakini kuna jambo litakalokufurahisha zaidi: kosa la sikio lako linafanana sana na kosa lililomfanya yeye awe alivyokuwa. Atkins alizaliwa tarehe 20 Juni 1924 mashambani karibu na Luttrell, katika jimbo la Tennessee, na wazazi wake wakaachana angali mdogo. Alisumbuliwa na pumu kiasi cha kulazimika kulala ameketi kitini, akipiga gitaa mpaka usingizi umchukue. Pumu hiyohiyo ndiyo iliyomhamishia Georgia kwa baba yake, aliyekuwa mwalimu wa muziki, na ni huko, mwishoni mwa miaka ya 1930, redio yake ilinasa kituo cha WLW cha mjini Cincinnati wakati mpiga gitaa Merle Travis akipiga. Travis alitumia vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Kijana wa Georgia hakuwa na picha ya kutazama. Alikuwa na sikio tu, na sikio likamwambia kwamba sauti nyingi namna ile haziwezi kutoka kwenye vidole viwili. Basi akajifunza kwa gumba na vidole viwili au vitatu vinavyofuata, na alipokuja kuujua ukweli, mkono ulikwisha zoea njia yake wenyewe.

Ngoja nikueleze mkono huo unavyofanya kazi, kwa kuwa hapo ndipo ubishi wetu utakapokwisha. Wewe na mimi tumekulia kwenye muziki wa dansi, ambako besi ina mtu wake, ridhimu ina mtu wake, na solo ina bwana wake anayesimama mbele. Kwa Atkins kidole gumba, kilichovishwa kipande cha plastiki, kinarukaruka kati ya nyuzi nene kwa mwendo usiobadilika, kama mguu wa fundi cherehani kwenye pedali. Upande wa kiganja umelala kidogo juu ya nyuzi hizo, pale karibu na daraja, yaani kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye tumbo la gitaa, ili besi isikike kavu na fupi, isiumeze wimbo. Wakati huo vidole vingine viko huru kwenye nyuzi nyembamba kuimba solo, kuchelewa, kuwahi, hata kutania, nacho kidole gumba hakina habari nao. Ugumu wote uko hapo. Mwambie kijana wako ajaribu kuongea na mtu huku gumba lake likiendelea kupiga bila kuyumba. Mimi nilichukua miezi minne, na bado nayumba.

Hata hivyo, nisikufanye uamini kwamba jambo hili ni la Wamarekani peke yao. Miaka ya mwanzo ya 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jean Bosco Mwenda kule Katanga, Kongo, kijana aliyeimba kwa Kiswahili na kupiga kwa gumba na kidole cha shahada, nadhifu vilevile. Mweke Bosco kwanza, kisha Atkins, nawe utaona kwamba mazoea yetu ya bendi ndiyo yaliyotufanya tusahau kwamba mtu mmoja anatosha.

Kazi ya mwanzo ya Atkins ilikuwa ya kufukuzwa tu, na sitakuchosha nayo. Alihama kituo cha redio kimoja hadi kingine kuanzia Knoxville mwaka 1942, na kule Springfield, Missouri, walimwachisha kwa madai kwamba upigaji wake haukuwa wa kantri, yaani muziki wa mashambani wa Marekani, ya kutosha. Kampuni ya santuri ya RCA Victor ilimchukua mwaka 1947. Baadaye alijiunga na Maybelle Carter na binti zake, naye Maybelle alikuwa mpigaji mkubwa wa gitaa kwa haki yake, nao ndio walioingia naye kwenye kipindi cha redio cha muziki wa kantri cha Grand Ole Opry mjini Nashville mwaka 1950. Humo Nashville akawa mtu wa kuitwa kila studio. Gitaa la ridhimu katika "Heartbreak Hotel" ya Elvis Presley, iliyorekodiwa Januari 1956, ni lake.

Sasa nakuja kwa marehemu baba yako. Unakumbuka sanduku lake la santuri, na mwimbaji Jim Reeves aliyepigwa kila Jumapili baada ya ibada mpaka sindano ikachimba mfereji? Mtayarishaji wa nyingi kati ya rekodi hizo alikuwa Atkins, ambaye mwaka 1957 alikabidhiwa shughuli za RCA za Nashville. Katika "He'll Have to Go" ya mwaka 1959 hakuna fidla wala lile gitaa la chuma linalolia kama mtu aliyefiwa. Kuna piano laini, vibrafoni, waitikiaji wa taratibu, na sauti ya Reeves iliyosogezwa karibu kabisa na maikrofoni kana kwamba anamnong'oneza mtu mmoja. Sauti hiyo ya Nashville iliuzika dunia nzima, hata ikafika kwenye sebule ya baba yako. Atkins alipoulizwa sauti hiyo ni kitu gani, alitia mkono mfukoni akachezesha sarafu, kama kusema ni sauti ya pesa.

Hapo nina neno naye. Mtu aliyefukuzwa kazi kwa kutokuwa wa kantri ya kutosha ndiye aliyekuja kuitoa fidla kwenye kantri, na mwaka 1976 aliomba radhi hadharani kwa sehemu yake katika mabadiliko hayo. Mimi nampenda Reeves, lakini kila nikisikia zile nyuzi za okestra zilizorundikwa kwenye baadhi ya rekodi za miaka ya 1960 natamani mtayarishaji angeondoka chumba cha mitambo, akaketi, akapiga mwenyewe.

Kwa bahati nzuri alipiga sana. Tafuta albamu ya "Finger-Style Guitar" ya mwaka 1956, usikilize upande wa pili, ambako hana hata mpiga ngoma wa kumsindikiza. "Yakety Axe" ya mwaka 1965 ni mchezo tu, ingawa ndiyo iliyopendwa zaidi na watu. Uzeeni alipenda kupiga na wapiga gitaa wenzake: na Les Paul katika "Chester and Lester" ya mwaka 1976, ambamo wazee wawili wanasikika wakitaniana katikati ya muziki, na Mark Knopfler katika "Neck and Neck" ya mwaka 1990, ambayo kwangu ndiyo tamu kuliko zote kwa sababu hakuna anayemkimbiza mwenzake. Alipata tuzo 14 za Grammy, akafariki Nashville tarehe 30 Juni 2001.

Kaseti usiirudishe. Mpe kijana, umwambie asikilize mara ya kwanza akifuata nyuzi nene tu, mara ya pili nyembamba tu, kabla hajagusa gitaa lake. Nikija mwezi ujao nitaleta ya Bosco pamoja na kile kipande cha plastiki cha kuvaa gumbani, maana huko kwenu najua hakipatikani.

Wako rafiki wa tangu shuleni,
Fundi Redio