Barua kwa Mwanaidi: Monte-Carlo Si Safari

Lyon, Novemba

Mwanaidi mwenzangu,

Asalaam aleikum. Huku sote wazima, ila baridi imeanza kututia adabu. Mama mfikishie shikamoo yangu, na lile neno lake kwamba nakupeleka Ulaya kukutupa bondeni nitamjibu mwenyewe kwa simu Jumapili, akishaswali adhuhuri. Usimjibu wewe, utaharibu.

Haya, tumekubaliwa kuingia mbio za magari za Monte-Carlo. Wewe umeandikwa dereva, mimi msoma ramani, na gari ni lile Peugeot 404 uliloliona kwenye picha ukalicheka kwamba ni teksi ya Kariakoo ya enzi za babu. Mwishoni mwa Januari tunaondokea Reims, tunaendesha usiku kucha kuja kusini, halafu ni milima siku baada ya siku, kambi yetu ikiwa Valence, mpaka tufike Monaco. Ada ni maelfu ya yuro na nimeshailipa. Fungu lako tutahesabiana ukifika, usianze kutuma pesa ukakatwa na mawakala njiani.

Katika ujumbe wako wote umeniuliza jambo moja tu: gari linakimbia kiasi gani? Ndiyo maana nimekaa kitako kuandika barua badala ya kukutumia sauti kwenye simu. Ukija na swali hilo kichwani, tutashika mkia.

Tunayoingia sisi si ile ya kasi ya akina Sébastien Ogier, madereva wa ubingwa wa dunia. Ni Rallye Monte-Carlo Historique, ya magari ya zamani, na gari lazima liwe la aina iliyowahi kushiriki Monte-Carlo enzi zake. Milima ni ileile, kona ni zilezile, lakini hapa hashindi aliyekimbia. Tunapewa wastani wa mwendo, usiozidi kilomita 50 kwa saa, na kazi yetu ni kuushika wastani huo toka mwanzo wa kipande cha barabara hadi mwisho. Njiani wameweka vituo vya siri vya kupima muda. Huvioni wala huambiwi viko wapi. Ukipita sekunde nne kabla ya wakati wako, unaadhibiwa kama yule aliyechelewa. Kuwahi ni kosa, Mwanaidi. Rudia kusoma hapo.

Nakusikia unavyosonya: kilomita 50, mwendo wa bibi harusi! Ngoja nikueleze hizo 50 zilivyo huku. Kuna kona za kujikunja kabisa, unaingia kwa 20 na gari bado linataka kutoka nje. Ili wastani usishuke, inabidi palipo na unafuu uende 70 au 80, na hapo penye unafuu pana theluji, upande mmoja mwamba, upande wa pili ukuta mfupi wa mawe, au hakuna kitu. Usiku. Nimewaona madereva wa hukuhuku wakitoka jasho kwenye hizo 50 zako.

Hesabu niachie mimi. Kwa wastani wa 48, kila kilomita ni sekunde 75 kamili. Nitakuwa nakwambia “mbili nyuma”, “moja mbele”, yaani sekunde, nawe unaongeza au unapunguza kidogo bila kuniuliza sababu. Mwaka 2022, Sébastien Loeb aliposhinda Monte-Carlo yenyewe ile ya kasi, msoma ramani wake alikuwa Isabelle Galmiche, mwalimu wa hesabu. Mimi nami si nafundisha hesabu? Basi tangu siku ile nimejipandisha cheo, hapa mtaani hawanipati.

Kuna kitu kimoja kuhusu vipimo nataka ukijue mapema, kwa sababu kinategemea mguu wako. Kifaa cha umbali kinahesabu mizunguko ya gurudumu. Kikikosea asilimia moja tu, katika kilomita 20 tumepotea mita 200, na kwa mwendo wa 50 hizo ni sekunde 14 na ushee. Fundi alitaka kufunga kihisio gurudumu la nyuma kwa kuwa ni rahisi kulifikia. Nikakataa, tukavutana hadi akanuna. Hili gari linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Yakiteleza kwenye barafu yanazunguka bure, kifaa kinanihesabia njia ambayo hatujaipita. La mbele ni mkweli zaidi, isipokuwa ukikanyaga breki mpaka likafunga: gari linakwenda, gurudumu limesimama, nami nimedhulumiwa mita. Kwa hiyo kila utakapofunga breki nitajua, hata ukijifanya unatazama mandhari. Na kila tukibadili tairi inabidi tupime upya, maana zile zenye misumari ya kung'ata barafu na za kawaida hazina mzingo mmoja.

Gari lenyewe usilidharau. Injini ni ya cc 1,618, haina papara na haichoki. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi kwetu Tanzania, alishinda Safari, mbio za magari za kwetu Afrika Mashariki, kwa 404 mwaka 1966, akarudia 1967. Mwaka uliofuata Nick Nowicki akashinda kwa gari hilohilo, na mwaka huo yalifika mwisho magari saba tu. Ila usukani uko kushoto, na gia iko kwenye shina la usukani, siyo sakafuni. Utashangaa mkono wako wa kushoto unavyokwenda wenyewe kutafuta gia na kushika kitasa cha mlango. Kuanzia leo kaa kwenye kiti cha jikoni na mwiko wa pilau mkono wa kulia, upige gia mpaka watoto wakuchoke. Sitanii.

Sasa barafu. Wewe ni bingwa wa matope, hilo halina ubishi. Masika ile ya Lushoto malori yamejipanga mlimani wewe unapita pembeni nilikuwepo. Lakini matope yana ustaarabu, yanabisha hodi. Usukani unakuwa mzito, injini inaanza kulia, unapata nafasi ya kujibu. Barafu haibishi hodi. Usukani unakuwa mwepesi ghafla mkononi, na wepesi huo ndiyo taarifa yako ya kwanza na ya mwisho. Hapo usikanyage kitu chochote kwa nguvu, si breki, si mafuta. Mwendo unaupunguza kabla ya kona, gari likiwa bado limenyooka, unaingia na gia ya pili na kuiacha injini ishike gari.

Na inajificha. Tafuta kivuli cha mwamba, maana jua la Januari halifiki huko siku nzima. Tafuta daraja. Tafuta mahali ambapo kijito kimevuka lami mchana theluji ilipokuwa ikiyeyuka, jioni kimeganda. Usiku lami ikikung'alia mbele, tazama tairi za gari lililotutangulia: zikirusha maji, ni maji. Zisiporusha kitu na barabara inang'aa, Mwanaidi, ondoa mguu taratibu na usiniulize kama tuko nyuma ya wakati.

Tatizo la tairi limenikosesha usingizi kuliko yote. Kipande kimoja kinaweza kuanza na lami kavu, kikapanda hadi theluji ya magotini, kikashuka tena kwenye lami kavu, na tairi huwezi kubadili katikati. Misumari inang'ata barafu vizuri sana, lakini kwenye lami kavu inateleza na kung'oka. Washindani wengi wana watu wanaopita njia mapema wakawaambia hali ilivyo. Sisi tuna shemeji yako, mume wangu, ambaye amejitolea kupita saa chache kabla yetu na kutupigia simu. Nimemfundisha aseme “kavu”, “maji”, “theluji”, “barafu”, na namba ya kilomita. Hadithi nyingine abaki nazo. Unamjua.

Usiku wa mwisho tutapita Col de Turini, njia ya kuvuka mlima ambayo ndiyo sala ya Ijumaa ya wapenzi wa mbio hizi. Urefu wake usikutishe: ni mita 1,607, na Lushoto mjini ni kama mita 1,400. Hatari ni baridi, giza, na watu. Watazamaji wa pale wana mchezo wa kutupa theluji barabarani kwenye lami iliyokuwa kavu ili waone vituko. Mwaka 2005 madereva Petter Solberg na Marcus Grönholm waliteleza wakagonga kwa mchezo huo huo. Kwa hiyo penye mioto na kelele nyingi ndipo utakapopunguza, hata kama wanakushangilia wewe na kofia yako ya Coastal Union.

Pia tutabeba sepetu mbili, na hilo si pambo. Mwaka 1973 theluji iliifunga barabara ya Burzet, huku juu Ardèche, washindani wengi wakakwama na kuondolewa mashindanoni. Mimi sitaki kuondolewa kwa kukosa sepetu.

Nimekuwa nikimfikiria sana Rauno Aaltonen. Yule Mfini alishinda Monte-Carlo mwaka 1967 kwa Mini, bingwa hasa wa milima hii. Akaja Safari mwaka baada ya mwaka, akamaliza wa pili mara kadhaa, na ushindi haukumpata hata siku moja. Dereva mzuri kama yule! Alichokijua kilitosha kwao, kwetu kikapungua kidogo tu. Sasa wewe unakuja ukitokea upande wa pili, na nisingependa uje na vumbi lako kichwani ukidhani ni elimu ya kila mahali. Nasema hivi kwa sababu nakupenda, na kwa sababu gari ni langu.

Mazoezi basi. Jumapili alfajiri, kabla malori ya kabichi hayajaanza kushuka, nenda Mombo upande hadi Lushoto. Mchukue Hamisi akae na simu yenye GPS. Chagueni wastani wa 40, kwamba kila kilomita ni sekunde 90. Yeye akutajie tofauti tu, wewe usitazame mita ya spidi kabisa. Mwanzoni utakuwa unaongeza sana na kupunguza sana, mtapanda mlima mkiyumba kama walevi. Endelea. Siku utakapofika Soni ukiwa hujatoka nje ya sekunde mbili, na Hamisi amesinzia, uko tayari. Matrafiki wa Mombo nao watakuwa na raha. Kwa mara ya kwanza hawatakuwa na neno na wewe.

Makaratasi: ya viza ya Schengen anza wiki hii hii, maana miadi ya Dar inajaa haraka. Barua ya mwaliko, bima na uthibitisho wa kushiriki nimekutumia kwa barua pepe, vichape vyote. Chukua na leseni ya kimataifa ya udereva.

Mizigo usijaze. Majaketi mazito yapo kwangu. Viatu leta raba zako zenye soli nyembamba. Mabuti ya baridi utavaa ukishuka garini, lakini pedali lazima uzisikie kwa unyayo. Samli na nyama usilete, forodha watavichukua mbele ya macho yako. Kashata lete nyingi, za nazi na za karanga. Usiku wa Turini ni mrefu, na chakula cha vituo vya mafuta vya huku ni mkate mkavu kwa bei ya kuku mzima.

La mwisho, na hili utanisamehe au tutagombana. Fomu inamruhusu mshindani kuchagua wastani wa juu, wa kati au wa chini. Nimejaza wa chini bila kukuuliza. Najua ungesema wa juu, na najua ungesema kwa sauti gani. Lakini gari lina umri mkubwa kuliko sisi, breki zake ni za zama zake, na wewe theluji hujawahi kuikanyaga hata kwa mguu. Tukimaliza mwaka huu bila kuvunja kitu, mwakani chagua unachotaka, nami nitafunga mkanda nikae kimya. Ukitaka kugombana, gombana sasa kwa simu. Tukishaondoka Reims sipokei malalamiko.

Nitumie kesho kipimo cha mguu wako kutoka nyonga hadi kisigino. Fundi anafunga kiti chako Alhamisi, na kikishafungwa hakisogei mbele wala nyuma.

Wako,
Zainabu