Farasi-bahari wa sebuleni asitoke kwenye juya

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji niseme jambo linaloniumiza. Mimi ni fundi wa matangi ya samaki. Naunganisha vioo, nafunga pampu na machujio, na kila wiki nazunguka nyumba na ofisi za Mikocheni, Masaki na Mbezi Beach kubadilisha maji na kupima chumvi. Siku hizi wateja hawaulizi tena samaki wa rangirangi, wanauliza farasi-bahari, yule samaki mdogo mwenye kichwa kama cha farasi. Wamemwona kwenye simu, kajiviringisha mkia kwenye unyasi, jicho moja linatazama huku na jingine kule kama kinyonga, basi wanamtaka nyumbani. Siwalaumu. Katika viumbe wote niliowahudumia, sijaona anayependeza kumzidi.

Tatizo ni anakotolewa: baharini, kwa juya, ule wavu unaokokotwa hadi ufukweni. "Fundi, si unajuana na wavuvi wa Kunduchi? Wape hela wakuletee wawili," aliniambia mama mmoja wa Mbezi, tena kwa nia njema kabisa. Wengine hawamsubiri fundi. Wananunua kwa kijana anayepita na ndoo, au dukani ambako wanahakikishiwa kwamba huyu amezaliwa kwenye tangi. Katika duka moja hapa mjini nilidadisi kidogo, nikaambiwa ameingia pale wiki iliyopita, kaletwa na mvuvi. Mteja aliyekuwa mbele yangu alikuwa ameshalipa.

Farasi-bahari hana meno, wala hana tumbo la kutunzia chakula. Anavizia uduvi, anauvuta kwa mdomo wake mrefu kama anayefyonza, na chumba kikiwa kimya ukasogea karibu na kioo utausikia mlio wenyewe, "tik". Chakula hakikai. Kinapita upesi na muda si mrefu ana njaa tena. Sasa yule aliyekulia baharini anajua kuwa kinachotembea ndicho kinacholiwa. Umwekee uduvi wa kugandishwa, uko pale chini umelala, atausogelea, atauinamia, atautazama kwa jicho moja kisha kwa la pili, halafu ataondoka. Kesho hivyo hivyo. Mwenye nyumba anaona ametulia, kumbe anakufa njaa. Ukitaka kumjua usimtazame ubavuni, mtazame kwa mbele: ngozi ya tumbo imebonyea ndani, katikati ya zile pingili ngumu zinazomzunguka mwili. Akifika hapo mara nyingi tumeshachelewa. Nina wateja wanaomtuma kijana ufukweni kila baada ya siku mbili kutafuta uduvi hai, na bado mnyama anawafia mikononi kwa vimelea alivyotoka navyo baharini au kwa michubuko ya wavu.

Aliyezaliwa kwenye tangi ni habari nyingine. Tangu siku ya kwanza analishwa atemia, vijidudu hai vilivyoanguliwa siku hiyo hiyo, kisha polepole anazoeshwa uduvi uliokufa, mpaka anafika mwenyewe kwenye kisahani chake saa za kula. Kioo hakimshtui, mkono wa mtu haumshtui. Kazi hii ya kuwazalisha inafanyika Hawaii, Tasmania kule Australia, Vietnam na Sri Lanka, kwa hiyo si ndoto ya fundi.

Wapo wanaoniambia: "Fundi, yule si ameshanaswa kwenye juya? Mvuvi angemtupa tu mchangani. Mimi namwokoa." Hoja hii nimeisikia hata kwa watu ninaowaheshimu, lakini siikubali. Siku ya kwanza mvuvi ameuza kitu ambacho angekitupa. Siku ya pili ameshajua kina bei. Siku ya tatu watoto wameshuka ufukweni wakati wa bamvua, maji yametoka, wanapekua nyasi bahari kwa mikono kumtafuta, na nyasi zenyewe ndimo samaki wetu wengi wanamokulia. Na juya la ufukweni limepigwa marufuku kisheria. Ukimlipa mwenye juya kwa farasi-bahari unamtia moyo arudi nalo kesho.

Tena wanyama hawa si wa kutapakaa. Kuogelea kwenyewe hawakujui sana, wanakaa mahali pamoja, na katika baadhi ya aina dume na jike wake hukutana kila asubuhi kusalimiana, wakizungukana na kubadilika rangi. Ukimtoa mmoja umeharibu uzazi wa wawili. Dume ndiye anayebeba mimba, mayai yako kwenye mfuko wake ulio chini ya tumbo. Nimewahi kuletewa dume ndani ya chupa ya maji ya kunywa, mfuko umevimba, yuko karibu kuzaa. Aliyemleta alidhani amemnunua aliyenona.

Sisemi matangi ya watu wa Dar ndiyo yanayommaliza. Watafiti wa Project Seahorse, kundi la kimataifa linalochunguza na kuhifadhi farasi-bahari, walikadiria mwaka 2017 kwamba nyavu zinazolenga samaki wengine huzoa farasi-bahari wapatao milioni 37 kwa mwaka katika nchi 21, na wengi wanaokaushwa huishia Asia kutengenezewa dawa. Hilo ni kubwa kuliko mimi na wewe. Lakini huyu wa sebuleni kwako hakuna aliyekulazimisha kumnunua.

Kwa hiyo, anayetaka kununua afanye mambo mawili kabla ya kutoa hela. Kwanza amwambie muuzaji amlishe uduvi wa kugandishwa pale pale, mbele ya macho yake. Asikubali kuambiwa "ameshakula asubuhi". Huyu ni mnyama wa kula siku nzima, na aliyezoea chakula mfu atakuja. Pili, ikiwa anaambiwa katoka nje ya nchi, aombe kuona kibali. Tangu tarehe 15 Mei 2004 aina zote za farasi-bahari zimo kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na kibali chake kina herufi inayoonyesha asili. W ni wa kutoka baharini. C ni aliyezalishwa chini ya uangalizi wa watu. F naye kazaliwa mikononi mwa watu ila hajatimiza masharti yote ya C, kwa mfano wazazi wake walichukuliwa baharini. Muuzaji asiye na kibali wala asiyethubutu kumlisha mbele yako, mwache na mali yake.

Na hata huyo aliyezalishwa, wateja wangu wengi nawakatalia. Februari hapa Dar maji ya tangi la sebuleni hupanda hadi nyuzi 30 na zaidi, wakati wafugaji wengi wanashauri yakae kati ya 22 na 25 kwa aina za bahari za joto, kwa sababu kwenye joto bakteria wa Vibrio, wanaomletea magonjwa, hustawi mno ndani ya maji machache. Hapo unahitaji mashine ya kupoza maji, na kitu cha kuiwasha umeme ukikatika usiku. Asiyekuwa navyo namshauri achukue barakoa ya kuzamia aende visiwa vya Mbudya au Bongoyo akatazame viumbe wa bahari huko huko. Na aliyemchoka farasi-bahari wa kigeni asiende kumwaga Coco Beach. Atawapelekea wa kwetu magonjwa wasiyoyajua.

Ninachokitamani hasa ni tuwazalishe wetu. Pwani ya Afrika Mashariki ina aina iitwayo kitaalamu Hippocampus camelopardalis, jina la twiga. Nchi ambayo mnyama wake wa taifa ni twiga inashindwaje kumtunza na huyu wa baharini? TAFIRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi, wapo Kunduchi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wataalamu wa viumbe wa bahari, na akina mama wa pwani wanaolima mwani wameshaonyesha kwamba bahari inalimika. Wazazi wachache wanaochukuliwa kwa kibali wanatosha kuanzia, maana dume mmoja huzaa mamia kwa mara moja. Kazi ngumu iko kwenye kuwalisha watoto wiki za mwanzo, na hiyo inafundishika.

Taasisi au kikundi chochote kitakachopata kibali cha kuanza, nitawatengenezea matangi ya kulelea watoto bila kudai ufundi, walipie vioo na gundi tu. Na duka la kwanza hapa Dar litakalonionyesha farasi-bahari aliyezaliwa kwenye tangi, akila uduvi wa kugandishwa mbele yangu na karatasi zake zikiwa safi, nitawapeleka hapo wateja wangu wote wenye mashine za kupoza maji.

Fundi wa matangi ya samaki,
Mikocheni, Dar es Salaam