Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Uvuvi: pimeni vifaranga vya sato kabla ya kutuuzia

Ndugu Mkurugenzi,

Kwa heshima nakusalimu. Nimeshaandika mara mbili kupitia ofisi, sikujibiwa. Leo naandika mbele ya watu.

Juzi nilikausha bwawa langu la mita za mraba 200. Miezi 7 iliyopita nilipandikiza humo vifaranga 500 vya sato kutoka kituo kilicho chini yako, nikahakikishiwa kuwa ni madume watupu. Nimekuta visamaki vya kidole visivyohesabika, na wakubwa wachache wasiofika hata gramu 150. Majike walikuwa na mayai mdomoni. Mke wangu alisimama ukingoni na ndoo zake, hakusema neno.

Unajua kuliko mimi kwamba sato huanza kuzaa akiwa bado mdogo, kabla hajafaa kuuzwa. Jike anayeatamia mayai mdomoni hali chakula. Watoto nao wakijaa hugombania chakula na hewa na wazazi wao, wote wakadumaa. Alfajiri walikuwa wakipanda juu kuhema, nami nikilaumu mbolea yangu! Kumbe chakula nilichonunua kwa mkopo kilikuwa kinalisha samaki ambao sikuwapandikiza.

Nahisi chakula chenye homoni, kile kinachowafanya vifaranga wote wawe madume, kilichelewa pale kituoni. Kifaranga hutakiwa kukianza mara tu kiini cha yai alichototolewa nacho tumboni kinapokwisha, aendelee nacho wiki 3 hadi 4. Akichelewa, jinsia imeshajipanga. Au pengine oda zilizidi, wakachota popote. Vyovyote iwavyo, aliyelipa ni mimi.

Katika mkutano wa wafugaji ulisimama ukaahidi kuwa hakuna kundi litakalotoka kituoni bila kupimwa jinsia. Nilikaa mstari wa mbele, nikapiga makofi. Nakukumbusha ahadi hiyo.

Pimeni kabla ya kuuza. Kupasua wachache na kutazama tezi zao za uzazi kwa hadubini si kazi ya mwezi. Wakiwa mchanganyiko, andikeni hivyo kwenye risiti. Sisi tutawachambua madume na majike kwa mkono wakifika gramu 30, au tutaweka kambare ili wawale hao watoto. Mfugaji aliyeambiwa ukweli anajua la kufanya. Fidia nitaiomba siku nyingine. Leo naomba hilo tu: pimeni, Ndugu Mkurugenzi, pimeni kwanza.

Bwawa liko wazi, nimeshalimwagia chokaa. Silijazi maji mpaka nipate jibu lako.

Mfugaji wa samaki