Losheni za jua ziwekwe kwenye zahanati zote

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni miaka mingi. Kila ikifika Juni 13, siku ya kimataifa ya kuelimisha kuhusu ualbino, naona magazeti yanaandika mauaji ya watu wenye ualbino na ushirikina tu, alafu kimya mpaka mwakani. Sisemi mauaji yasiandikwe, yaandikwe kabisa, sisi wa kanda ya ziwa tunajua ile 2007 na 2008 tuliishije, dada yangu mkubwa alikuwa halali mpaka kaka alale mlangoni na panga. Tulimlinda na watu wale, Mungu akasaidia akabaki hai, alafu jua ndo likamchukua, na jua hakuna aliyetuambia tumlinde nalo.

Dada alikuwa mtu mwenye ualbino na kazi yake ilikuwa kuanika dagaa mwaloni, pale ziwani mitumbwi inaposhusha samaki. Anayejua kazi ile anaelewa, dagaa wanataka jua kali na wewe unayewageuza unakaa kwenye jua hilohilo toka asubuhi, yeye kichwani kafunga kanga tu, masikio na shingo viko nje. Likaanza gamba dogo gumu karibu na sikio, linawasha, akilikuna linatoa damu, linakauka, wiki mbili linarudi. Duka la dawa wakampa mafuta ya kupaka, zahanati akapewa vidonge vya kukausha kidonda, akarudi wakampa tena vilevile, na mara ya tatu pia. Hakuna hata mmoja aliyesema huyu ana ualbino na kidonda hakiponi mwezi wa tatu huu hebu tukate kinyama kikapimwe. Kilipokuja kukatwa tukasubiri majibu wiki nyingi, na yalipofika saratani ilishaingia kwenye tezi za shingo. Alifariki 2016 akiwa na miaka 34.

Nikaja kuelewa baadaye, daktari mmoja wa ngozi alitukalisha akatueleza taratibu na ndio maana naandika, maana naamini wengi hawajaelezwa. Ngozi yetu ina rangi inaitwa melanini, na kazi yake kubwa sio urembo, ile rangi ndani ya seli inakaa kama mwavuli juu ya kiini ili mionzi ya jua isiharibu vinasaba vilivyomo. Mwenye ualbino mwavuli huo hana au anao kidogo sana. Kwa hiyo uharibifu unaanza utotoni kabisa, mtoto hajajua hata kutembea vizuri, unajilimbikiza kila siku hata siku ya mawingu, na akifika miaka ishirini na kitu au thelathini ndo unatokea kama kidonda, mara nyingi usoni, masikioni, mdomoni au shingoni. Kwetu Afrika aina ya ualbino iliyo nyingi inatokana na hitilafu kwenye kinasaba kinaitwa OCA2. Yani mtoto anazaliwa na saratani? Hapana, anazaliwa na ngozi isiyo na ulinzi, saratani inaletwa na jua, na jua linazuilika.

Na hapa kuna jambo limevunja nyumba nyingi. Ualbino huu unarithiwa pande zote mbili, lazima baba awe amebeba kinasaba chenye hitilafu na mama awe amebeba ndo mtoto apate, na wote wawili wanaweza kuwa weusi tii wasijue kabisa. Wakikutana watu wa namna hiyo kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Tanzania inakadiriwa mtu mmoja kati ya 1,400 ana ualbino, sasa ukipiga hesabu ya urithi wanaobeba bila kujijua wanakuja kama mmoja kati ya ishirini. Abiria wa daladala moja tu hao, hukosi mmoja.

Kaka yangu alipopata binti mwenye ualbino akataka kumrudisha mkewe kwao, akasema kwao kuna laana, na wazee wengine wakamuunga mkono!! Nilimwambia kaka wewe dada yetu si alikuwa hivihivi, ina maana baba yetu alibeba na mama yetu alibeba, na sisi tuliozaliwa weusi kila mmoja wetu ana uwezekano wa mbili ya tatu kubeba, sasa unamfukuza shemeji kwa kitu ambacho wewe mwenyewe umetoka nacho nyumbani? Alinyamaza siku mbili. Mke hajaondoka, na namshukuru kaka kwa hilo maana wanaume wengi hawarudi nyuma wakishasema.

Sasa binti yuko darasa la nne na ndo nimeanza kuona njia aliyopita dada inavyotengenezwa. Ualbino unagusa na macho, mtoto haoni ubaoni hata akikaa dawati la mbele kabisa, inabidi asogee au anakili kwa mwenzake. Mwalimu asiyejua anasema mzito. Akishindwa mtihani anaacha shule, na mtu asiye na shule kwetu huku anafanya kazi gani? Jembe, mwalo, kuuza nyanya barabarani, zote za juani. Macho ndo yanamtoa darasani na kutoka darasani ndo kunamuweka juani na juani ndo saratani. Wanaosema saratani hii ni ya kurithi tu wangefuatilia maisha ya mtoto mmoja toka chekechea wangeona ni mangapi hayahusiani na kurithi.

Pale shuleni tulikataliwa mikono mirefu, eti sare ni sare. Shemeji akashona shati la mikono mirefu kwa kitambaa kilekile cha sare, akanunua kofia pana, tukaenda wote kuongea na walimu mpaka wakakubali, na kusimama mstarini saa nne juani wamemuondolea. Australia, watu wengi kule wana ngozi nyeupe waliyorithi na jua lao kali, toka 1981 watoto wanafundishwa shati, losheni na kofia, shule nyingi huko mtoto bila kofia hachezi nje. Huku kwetu mtoto anagombezwa kwa kuivaa.

Losheni yenyewe ndo kilio changu kikubwa Mhariri. Niliulizia Mwanza nikaelekezwa duka la vipodozi, rafu moja na mafuta ya kung'arisha uso, na bei ya kachupa kadogo ilikuwa inazidi alichokuwa anapata dada kwa wiki. Kwa sisi hii ni dawa kama dawa ya presha, inapakwa kila siku na kurudiwa mchana, kachupa hakafiki mwezi. Na sio kwamba nchi haiwezi, pale Moshi hospitali ya KCMC kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi wanatengeneza losheni ya Kilisun, imetengenezwa kwa ajili ya watu wenye ualbino na wanapewa bure kupitia kliniki, wanapimwa ngozi na magamba yanagandishwa kwa naitrojeni ya baridi kali kabla hayajawa saratani. Jirani zetu Kenya serikali inatoa losheni bure kupitia Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Binti yetu aliipata Kilisun kliniki ilipokuja, ila kliniki inakuja mara chache na wa vijijini hawapati hata taarifa kwamba imekuja.

Kwa hiyo naomba wizara na halmashauri waliweke hili kwenye oda za dawa za zahanati, losheni ikae rafu moja na panadol na dawa ya malaria, na mhudumu wa zahanati afundishwe kitu kimoja tu, kwamba mtu mwenye ualbino mwenye kidonda kisichopona wiki nne asipewe vidonge mara ya pili, apelekwe kukatwa kinyama. Mama akijifungua mtoto mwenye ualbino aondoke wodini na losheni na kofia, na aelezwe kuhusu urithi mumewe akiwepo.

Na nyie wahariri tunaomba Juni 13 ijayo mtume mwandishi mwaloni akaangalie nani wanaanika dagaa saa saba mchana. Chupa ya binti imebaki robo na tarehe ya kliniki bado hatujaambiwa.

Msomaji wako,
Sengerema