Tangu lini hundi ikawa na mdomo?

Mhariri,

Watetezi wa hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya Januari 2010, kesi ya Citizens United, husema kampuni nayo ina haki ya kusema. Haya, na iseme. Lakini majaji 5 dhidi ya 4 waliiruhusu itumie fedha bila kikomo kumnadi au kumponda mgombea, mradi isipange naye. Kampuni kumpa mgombea wa kiti cha shirikisho, kama urais, fedha mkononi ni marufuku tangu 1907. Ila tangazo la sekunde 30 la kumchafua mpinzani wake si zawadi hiyo hiyo? Na mwenye hisa, ambaye akiba yake ya uzeeni imo humo, nani alimuuliza anamtaka nani?

Msomaji wako