Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wenye Fremu, Mwanza, Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Ya kawaida mnayajua: taka zimezolewa, mlinzi analipwa, mfereji wa nyuma ya fremu umezibuliwa. Sirudii.

Niseme la kiwanja cha Kigongo ambacho hatukukinunua, maana mwaka mzima nimesemwa mimi. Mthamini wa majengo tuliyemlipa alituletea kitabu chenye michoro ya rangi: daraja la Kigongo–Busisi likifunguliwa, kodi ya fremu pale itapanda asilimia 18 kila mwaka kwa miaka mitano, tuwahi kiwanja. Nilikataa kusaini hundi, na leo ningekataa tena. Daraja limefunguliwa Juni 2025, kilometa 3 juu ya maji ya Ziwa Victoria, na ni neema kweli. Lakini mteja wa pale alikuwa ni foleni ya kivuko. Mtu anasubiri feri, ananunua soda, samaki wa kukaanga, vocha. Sasa basi linapita moja kwa moja. Hilo kwenye michoro halikuwemo.

Mnasema mwenyekiti si msomi wa kumzidi mthamini. Sawa. Ila huko Uingereza, wenye kumbukumbu za majengo za miaka mingi, watafiti wamelinganisha utabiri wa wataalamu na kilichotokea. Namba zao husogeleana wenyewe kwa wenyewe kuliko zinavyousogelea ukweli. Kodi ya pango huikaribia. Bei ya jengo ndiyo huwapiga chenga, maana inafuata riba na hofu ya wawekezaji. Soko likipaa wao hutabiri litapanda kidogo tu, likianguka hutabiri litashuka kidogo tu. Kati ya 2007 na 2009 thamani ya majengo ya biashara kule ilishuka zaidi ya asilimia 40, na utabiri wao haukufika huko. Sisi ambao wengine mkataba wa pango tunaandikiana kwenye karatasi ya daftari, hiyo 18 kamili, miaka mitano mfululizo, ilitoka wapi?

Na wanaonisema zaidi siwaoni vikaoni. Mkutano wa Agosti tulifika 19 kati ya 64. Viti tulikodi 60. Ada wamelipa 27, Sh 1,620,000. Wadaiwa 37, Sh 2,220,000. Benki kuna Sh 11,400,000, ambazo zipo kwa sababu hundi ile haikusainiwa.

Mwakani, Mungu akipenda na hali ikiruhusu, tutaangalia uwezekano wa kiwanja Buswelu au Kisesa. Leo mhazini yupo mlangoni na kitabu cha risiti.

Mwenyekiti